Kupandikizwa moyo na figo kwa pamoja: ni nani hasa anayehitaji viungo vyote viwili?

Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Familia inapoelezwa kwamba moyo wa mgonjwa wao umedhoofika kiasi cha kuhitaji kubadilishwa, na vipimo vikaonyesha kwamba figo nazo zimeshindwa kusafisha damu, swali la kwanza huwa ni kama viungo vyote viwili vinaweza kupandikizwa. Jibu ni kwamba vinaweza, na upasuaji huo umekuwa ukifanyika kwa zaidi ya miaka 40. Swali gumu ni lile linalofuata, nalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu: je, figo za mgonjwa huyo zimekufa kweli, au zimedhoofika kwa sababu moyo hauzipelekei damu ya kutosha? Hali hizi mbili zikichanganywa, mgonjwa mmoja anaweza kupewa figo asiyoihitaji, na mwingine anyimwe figo ambayo bila hiyo moyo mpya hautamfikisha mbali.

Figo mbili kwa pamoja hazifiki hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia hupokea takriban robo au moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa hiyo moyo ukilegea, figo ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia. Wengi hudhani kwamba zinaumia kwa uhaba wa damu peke yake. Kuna sababu nyingine yenye uzito uleule, na wakati mwingine uzito zaidi: damu ambayo moyo umeshindwa kuipokea hurundikana nyuma yake, shinikizo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hupanda, na figo, zilizofungwa ndani ya ganda gumu lisilotanuka, hubanwa kutoka ndani. Zikibanwa hivyo hutoa homoni zinazouamuru mwili kushikilia chumvi na maji, maji hayo huulemea moyo zaidi, na moyo uliolemewa huzibana figo upya. Ugonjwa huweza pia kuanzia upande wa pili. Figo zilizochakaa kwa kisukari au kwa shinikizo la damu huongeza shinikizo hilohilo, hupunguza damu mwilini na kusababisha kalsiamu kujikusanya kwenye kuta za mishipa, hadi moyo nao ukachoka. Mwaka 2008 daktari wa figo Claudio Ronco na wenzake waliyagawa mahusiano haya ya moyo na figo katika aina tano, na tangu hapo mgawanyo huo umewasaidia madaktari wa pande mbili kuzungumza lugha moja.

Namna ya kutofautisha figo iliyokufa na figo iliyobanwa ndiyo kiini cha mada. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi, kwa hiyo timu hukusanya dalili. Muda ni ushahidi mkubwa: figo zilizokuwa dhaifu kwa miaka, kabla hata moyo haujaanza kusumbua, hazitarajiwi kufufuka. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha ukubwa wake, na figo zilizosinyaa huwa zimeshapata makovu yasiyorudi nyuma. Protini nyingi kwenye mkojo huashiria kwamba vichujio vyenyewe vimeharibika, jambo ambalo udhaifu wa moyo peke yake si kawaida kulisababisha kwa kiwango kikubwa. Historia ya kisukari cha muda mrefu huongeza shaka. Jaribio ambalo mimi nalipa uzito kuliko mengine ni hili: mzunguko wa damu usaidiwe, ama kwa dawa za kuupa moyo nguvu kupitia mshipa ama kwa pampu iliyowekwa ndani ya mwili, kisha figo zitazamwe kwa siku na wiki kadhaa. Figo zikianza kuchuja vizuri zaidi, tatizo lilikuwa moyo. Zisipobadilika licha ya damu kufika na maji kupungua, huo ni ushahidi mzito kwamba ugonjwa umo ndani yake. Kuchukua kipande cha figo na kukitazama kwa hadubini husaidia pia, lakini kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hatari ya kutokwa na damu ni kubwa, kwa hiyo kipimo hicho hakifanywi ovyo.

Kwa ufupi sana, historia ni hii. Figo ya kwanza iliyofanikiwa ilipandikizwa Boston mwaka 1954 na timu ya Joseph Murray, kati ya ndugu mapacha wa kufanana. Moyo wa kwanza wa binadamu ulipandikizwa na Christiaan Barnard huko Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, na mgonjwa aliishi siku 18. Moyo na figo kwa pamoja vilipandikizwa mwaka 1978 huko Houston, Texas, kwa mgonjwa aliyekuwa amehifadhiwa hai kwa pampu ya moyo, naye alifariki muda mfupi baadaye kwa maambukizi. Kilichobadilisha mambo ni dawa ya siklosporini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, ambayo iliwezesha mwili kuishi na kiungo cha mtu mwingine bila kinga yote kuangushwa. Hata hivyo siklosporini na mrithi wake, takrolimasi, zina sumu kwa figo, na jambo hilo litarudi katika mjadala huu kwa sababu haliwezi kuepukwa.

Upasuaji wenyewe unaongozwa na saa. Moyo uliotolewa kwa marehemu na kuhifadhiwa kwenye barafu unatakiwa uanze kupata damu ndani ya saa 4 hivi, ilhali figo inaweza kungoja saa 24 au zaidi. Kwa hiyo moyo hutangulia daima. Mgonjwa huunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo wa zamani hukatwa, na mpya hushonwa mahali pake. Figo haiwekwi mahali pa figo za asili. Huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, ikaunganishwa na mishipa mikubwa inayoelekea mguuni, na mrija wake wa mkojo ukashonwa kwenye kibofu. Figo za zamani kwa kawaida huachwa zilipo, isipokuwa kama zimejaa uvimbe wa maji kiasi cha kuziba nafasi au zina maambukizi yasiyokoma.

Vituo hutofautiana kuhusu muda wa kupita kati ya viungo hivyo viwili. Baadhi huweka figo mara tu moyo unapoanza kupiga vizuri, mgonjwa akiwa bado kwenye meza ileile. Wengine humpeleka kwanza kwenye chumba cha uangalizi maalumu, wakasubiri saa kadhaa hadi shinikizo la damu litulie, kisha wakamrudisha kwa figo, ambayo wakati huo inakuwa kwenye mashine inayopitisha maji baridi ndani yake. Mimi naona hoja ya kusubiri ina nguvu. Moyo mpya katika saa za mwanzo mara nyingi huyumba, hasa upande wake wa kulia, na dawa za kupandisha shinikizo zinazotumika kuusaidia hubana mishipa ya figo. Figo iliyowekwa katika mazingira hayo inaweza kuchelewa kuanza kazi, ikamlazimu mgonjwa kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu kwa siku au wiki.

Viungo vyote viwili hutoka kwa mtoaji mmoja, na hili lina faida ambayo wengi hawaitarajii. Mwili wa mpokeaji hukutana na tishu za mgeni mmoja badala ya wawili, na imeonekana kwamba waliopokea moyo pamoja na figo hupata mashambulizi ya kinga dhidi ya moyo mara chache kuliko waliopokea moyo peke yake. Maelezo kamili ya sababu yake bado yanajadiliwa. Ni faida halisi, lakini haitoshi kuwa sababu ya kumpa figo mtu ambaye figo zake zinaweza kupona.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa maelezo mazuri. Nina jambo linaloniumiza, na nitalisema wazi. Mimi ni mgonjwa wa figo peke yake, na nipo kwenye mashine. Ninaposoma kwamba mtu wa moyo anapewa figo mbele ya watu waliosubiri miaka, tena figo nzuri kutoka kwa mtoaji kijana, najiuliza haki iko wapi. Je, kuna nchi iliyoweka utaratibu, au kila daktari anaamua atakavyo?

Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na sitalizungukazunguka. Ni kweli kwamba figo zinazoambatana na moyo kwa kawaida ni miongoni mwa zilizo bora, kwa sababu mtoaji ambaye moyo wake unafaa kupandikizwa mara nyingi ni mtu mwenye umri mdogo na mishipa safi. Ni kweli pia kwamba kwa mifumo mingi figo hiyo hufuata moyo bila kupitia foleni ya wagonjwa wa figo. Huko Marekani, ambako orodha ya wanaosubiri figo ina makumi ya maelfu ya watu, na ambako mioyo inayopandikizwa kwa mwaka imevuka 4,000, kwa miaka mingi hapakuwa na kigezo cha kitaifa cha kuamua nani apewe vyote viwili. Kila kituo kiliamua chenyewe, na idadi ya upasuaji wa pamoja ikawa inapanda mwaka hadi mwaka.

Utaratibu uliwekwa mwaka 2023. Kwa mgonjwa mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu, uchujaji wake, yaani kiasi ambacho figo zake huchuja kwa dakika, unapaswa uwe umeshuka hadi mililita 60 au chini kwa zaidi ya siku 90, na juu ya hapo awe ama anasafishwa damu mara kwa mara ama uchujaji umefika 30 au chini. Kwa mgonjwa ambaye figo zimeumia ghafla, hali ya kusafishwa damu, au ya uchujaji wa 25 au chini, inapaswa kudumu kwa wiki sita mfululizo. Lengo la wiki hizo sita ni kuzipa figo nafasi ya kurudi kabla hazijahukumiwa.

Sehemu ya utaratibu huo ninayoiona yenye hekima kuliko zote ni ile ya akiba. Mgonjwa aliyepewa moyo peke yake, ikiwa kati ya siku ya 60 na ya 365 baada ya upasuaji figo zake zimeshuka hadi uchujaji wa 20 au chini, au anahitaji mashine, hupewa kipaumbele kwenye orodha ya figo. Maana yake ni kwamba daktari halazimiki tena kubahatisha usiku wa upasuaji. Anaweza kumpa moyo, akaona figo zitafanya nini zikipata damu ya kutosha, na mgonjwa asitupwe mwisho wa foleni iwapo matumaini hayakutimia. Kabla ya akiba hiyo, woga wa kumwacha mgonjwa mkono mtupu ulikuwa sababu ya kweli ya kuomba figo hata pale ambapo haja haikuwa wazi, na siwezi kuwalaumu madaktari walioogopa.

Msimamo wangu ni huu. Anayetegemea mashine ya kusafisha damu na hana dalili ya kupona, apewe vyote viwili. Moyo mpya bila figo, ndani ya mwili unaojaa maji na sumu, huishi vibaya, na takwimu za waliopandikizwa zinaonyesha wazi kwamba kundi hili hunufaika na figo. Aliye katikati, mwenye uchujaji wa 35 au 45, apewe moyo kwanza. Kwa kundi hilo faida ya figo ya ziada haijawa dhahiri, na wewe uliyekaa kwenye mashine una madai ya wazi zaidi juu ya figo ile.

Mchangiaji wa pili

Naomba kutofautiana kidogo na mleta mada kuhusu kundi la katikati. Tusisahau kwamba baada ya moyo mgonjwa ataanza takrolimasi, dawa ambayo mleta mada mwenyewe amekiri ina sumu kwa figo. Mtu mwenye uchujaji wa 40 leo anaweza kuwa kwenye mashine baada ya miaka mitano. Je, si afadhali apewe figo mapema, kuliko kumpasua mara mbili na kumwachia akiba inayokwisha siku ya 365?

Mleta mada

Pingamizi lako ni zito. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba takriban asilimia 11 ya waliopandikizwa moyo walikuwa wamefikia ugonjwa mkubwa wa figo ndani ya miaka mitano, na kwa walioanza na figo dhaifu hatari ilikuwa juu zaidi. Hata hivyo nakuomba uitazame asilimia hiyo kutoka upande wa pili: walio wengi hawakufika huko. Kama tungewapa wote figo kwa kuogopa yatakayowapata wachache, tungetumia figo nyingi kwa watu ambao zao zingewatosha. Isitoshe, figo mpya nayo itakutana na takrolimasi ileile. Zipo njia za kuzilinda figo za asili, kama kutumia sindano za kushusha kinga siku za mwanzo ili takrolimasi icheleweshwe kidogo, kushikilia kiwango chake katika damu kisipande bila sababu, na kudhibiti shinikizo la damu na sukari kwa ukali.

Kuhusu siku ya 365, hapo nakubaliana nawe kwamba mstari wowote wa kalenda humwonea mtu fulani. Aliyefikia hali mbaya mwezi wa 14 si mgonjwa wa aina tofauti na aliyefika mwezi wa 11. Mstari uliwekwa ili kutenganisha figo zilizokuwa mbovu tangu awali na zile zilizoharibiwa polepole na dawa, na nadhani ungeweza kusogezwa mbele bila kuvuruga lengo hilo.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mleta mada, na wakubwa wote mliotangulia. Baba yangu ana umri wa miaka 52, yupo kwenye mashine ya kusafisha damu, na sasa kipimo cha moyo kimeonyesha nguvu ya kusukuma damu imeshuka sana. Daktari mmoja anasema anahitaji moyo na figo, mwingine anasema tushughulikie figo kwanza. Tumechanganyikiwa. Pia mimi niko tayari kumpa baba figo yangu moja. Je, inawezekana nikampa sasa, ili asubiri moyo tu?

Mleta mada

Marahaba, dada yangu, na poleni sana. Siwezi kumtibu mzee kupitia maandishi, lakini naweza kukueleza kwa nini madaktari wawili wenye nia njema wanaweza kutofautiana hivyo.

Upo udhaifu wa moyo unaosababishwa na ugonjwa wa figo wenyewe. Maji yaliyozidi huutanua moyo, sumu zisizosafishwa huulegeza, na upungufu wa damu huulazimisha kufanya kazi ya ziada. Kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii, nguvu ya moyo imeonekana kupanda kwa kiasi kikubwa baada ya kupandikizwa figo peke yake, na wapo ambao hupata nafuu hata kwa kusafishwa damu kwa ukamilifu zaidi, maji yakiondolewa hadi uzito unaostahili. Kwa hiyo swali nililouliza mwanzoni kuhusu figo linapaswa kuulizwa pia kuhusu moyo wa baba: umekufa, au umezama? Mwombeni daktari wa moyo aeleze kama kuna makovu ya mshituko wa moyo wa zamani, kama mishipa ya moyo imeziba, kama valvu ni nzima, na kama kipimo kile kilifanywa kabla au baada ya maji kuondolewa. Kipimo cha moyo kilichochukuliwa mgonjwa akiwa amejaa maji kinaweza kutoa picha mbaya kuliko ilivyo. Ombeni pia shinikizo la mishipa ya mapafu lipimwe kwa mrija unaopitishwa kwenye vena, kwa sababu likiwa juu na lisishuke kwa dawa, upande wa kulia wa moyo mpya unaweza kushindwa kusukuma damu dhidi yake.

Ikiwa moyo umeharibika kweli, kumpa figo kwanza ni hatari. Dawa ya usingizi na upasuaji vinaweza kumlemea, na figo mpya iliyounganishwa na moyo usioweza kuipa damu inaweza kupotea. Mfano wa wazi ulionekana New York mwaka 2024, ambapo mwanamke aliyekuwa na ugonjwa wa moyo na wa figo pamoja aliwekewa pampu ya moyo, kisha baada ya siku chache akapandikizwa figo ya nguruwe aliyebadilishwa vinasaba. Figo hiyo iliondolewa baada ya siku 47, na sababu iliyoelezwa ilikuwa kwamba haikupata damu ya kutosha, kwa kuwa pampu haikuweza kudumisha shinikizo lililohitajika. Alifariki mwezi Julai mwaka huohuo. Nautaja mfano huu kwa heshima kubwa kwake, kwa sababu alikubali kufanyiwa jambo ambalo limewafundisha wengi.

Kuhusu sadaka yako, usikate tamaa. Upo utaratibu ambao mgonjwa hupokea moyo wa marehemu kwanza, akatulia kwa miezi kadhaa, kisha akapokea figo ya ndugu aliye hai. Faida yake ni kwamba upasuaji wa figo hupangwa siku ambayo moyo ni imara, na figo inayotoka kwa mtu mzima wa afya huanza kazi haraka. Hasara ni kwamba baba atakutana na tishu za watu wawili tofauti, na katikati ya miezi hiyo ataendelea na mashine huku akitumia dawa za kushusha kinga, hali inayoongeza hatari ya maambukizi, hasa kupitia mrija wa shingoni kama ndio anaotumia. Kama anao mshipa uliotengenezwa mkononi kwa ajili ya mashine, utunzwe vizuri.

Na wewe mwenyewe utapimwa kwa ukamilifu, kwa sababu magonjwa mengine ya figo yamo katika ukoo, na hakuna timu makini itakayochukua figo ya binti ambaye huenda siku moja ataihitaji. Kundi la damu na ulinganifu wa tishu vinaweza kuangaliwa mapema. Jaribio la kuchanganya damu yako na yake, la kuona kama tayari ana kingamwili dhidi yako, ni suala jingine. Kila anapoongezewa damu, na hasa anapopokea moyo wa mtu mwingine, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili mpya, kwa hiyo majibu mazuri ya leo hayatoshi. Waombeni walirudie baada ya moyo, na walirudie tena siku chache kabla ya upasuaji wa figo.